Leaf ya mwaka 2018, baa 11 kati ya 12: nauliza kabla sijalipa

Mpendwa Mshauri,

Salaam. Nimebakiza kulipa tu ili nichukue gari la umeme lililotumika. Ni Nissan Leaf ya mwaka 2018, betri ya kWh 40 (yaani uniti 40 za umeme), limetembea kilomita 78,000. Muuzaji anasema chaji moja inafika kilomita 270, na kwa kuwa gari halina oili ya injini, halina plagi wala mkanda wa taimingi, nikishalinunua sitatoa hela nyingine zaidi ya umeme. Kwenye dashibodi, baa za afya ya betri ni 11 kati ya 12.

Siku za kazi, kama 25 kwa mwezi, naenda na kurudi kilomita 70. Mara moja kwa mwezi nakwenda kuwaona wazazi, kilomita 280 za barabara kuu, nalala huko siku mbili, narudi. Naishi nyumba ya kupanga. Pa kuegesha pako ndani ya ua, kama mita 30 kutoka kwenye boksi la sakiti breka. Mwenye nyumba amesema kwa mdomo kwamba kuchaji "hakuna shida", lakini hatujaandikiana. Gari ninalotumia sasa ni la petroli, linakula lita 7 kwa kilomita 100.

Fundi wangu wa siku zote ananiambia niachane nalo, eti betri ikifa na gari limekufa. Mwenzangu nyumbani anasema nachelewa, petroli inatumaliza. Naomba nielezwe gharama ambazo muuzaji hazitaji, na kama hizo kilomita 270 zipo kweli.

Msomaji mwenye hela mkononi na mashaka moyoni

*

Ndugu yangu,

Umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Hela ya gari la umeme huokolewa au hupotea siku ya kununua, na baada ya hapo unachoweza kurekebisha ni kidogo. Muuzaji hajadanganya kuhusu oili na plagi. Gharama zipo, ila zimehamia mahali pengine. Mambo matatu ndiyo yataamua kama gari hili litakufaa: hali halisi ya betri, mahali litakapolala likichajiwa, na kama unaye mtu wa kulitengeneza.

Nianze na hizo kilomita 270. Ni za gari jipya, katika kipimo cha maabara, kwa mwendo wa kuchanganya mjini na nje ya mji. Gari lako si jipya. Katika Leaf, baa ya kwanza hutoweka afya ya betri ikishuka hadi takriban asilimia 85, na kila baa inayofuata huondoka kwa asilimia 6 na kitu. Baa 11 basi maana yake uko kati ya asilimia 79 na 85. Tuchukue 82. Betri mpya ya kWh 40 hutoa kama kWh 39 za kutumika, kwa hiyo yako imebaki na kama 32. Kwa matumizi ya kWh 16 kwa kilomita 100, hizo ni kilomita 200 kutoka kujaa hadi kuisha kabisa.

Lakini hutaendesha kutoka kujaa hadi kuisha. Betri za aina hii hudumu zaidi ukizichaji hadi asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku, na si busara kushuka chini ya 15. Kwa hiyo siku ya kawaida una asilimia 65 ya kucheza nayo, yaani kilomita 130. Safari yako ya kazi ni 70, na hapo gari linakutosha vizuri, hata miaka mitano ijayo. Tuseme betri inapoteza asilimia 3 kila mwaka, kasi inayowezekana kabisa penye joto kwa sababu betri ya Leaf haipozwi kwa maji wala feni. Utakuwa na asilimia 67, na zile kilomita 130 zitakuwa kama 106. Bado unakwenda kazini na kurudi.

Shida iko kwenye safari ya wazazi. Upinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo, na kwa kilomita 110 kwa saa gari hili litakula karibu kWh 20 kwa kilomita 100. Betri iliyojaa inakufikisha 160, na ukibakiza asilimia 15 ni kama 136. Zinabaki 144. Ukichaji kituoni kutoka 15 hadi 80 unapata 104 nyingine, na bado hujafika. Itabidi usimame mara mbili. Chaji ya kwanza ni kama dakika 40. Ya pili ni mbaya zaidi, kwani betri ishapata joto la mwendo na la chaji ya kwanza, haina cha kuipoza, na gari lenyewe hupunguza nguvu ya kupokea umeme ili lijilinde. Inaweza kushuka chini ya kW 25, na kwa kilomita 40 tu zilizobaki ukakaa dakika 20 au zaidi.

Dawa yake wengi hawaiamini mpaka waione kwenye hesabu: punguza mwendo. Kwa kilomita 90 kwa saa matumizi hurudi karibu kWh 16, chaji ya nyumbani inakupeleka kilomita 170, na zile 110 zilizobaki zinahitaji kituo kimoja tu, kutoka 15 hadi 70. Unapoteza kama dakika 35 barabarani na kuokoa chaji ya pili yenye joto, kwa hiyo unafika karibu wakati mmoja na yule wa 110. Kwa wazazi, kwa kuwa ni mara moja tu kwa mwezi, omba soketi ya kawaida usiku wote, baada ya kuhakikisha haijalegea. Kwa ampea 10 na volti 230, saa kumi za usiku zinaingiza uniti kama 23.

Kabla ya hayo yote, hakikisha vituo vya njia hiyo vina kichwa cha CHAdeMO, aina ya plagi ya kuchaji haraka. Leaf hii huchajiwa haraka kwa CHAdeMO, na siku hizi vituo vipya sehemu nyingi duniani hufungwa plagi ya aina nyingine, CCS, na magari yaliyotengenezwa kwa soko la China hutumia ya GB/T. Kituo kikiwapo na kichwa kisichoingia kwenye gari lako, kwako hakipo. Adapta ya kutoka CCS kwenda CHAdeMO inauzwa, lakini usidhani ni kipande cha plastiki chenye nyaya. Ndani ina saketi zinazotafsiri mawasiliano kati ya gari na kituo, inahitaji programu yake isasishwe, bei yake ni kubwa, na vituo vingine huikataa. Kama njia yako ina CHAdeMO moja tu, hesabu kwamba siku moja utaikuta imeharibika.

Sasa bili. Kwa mwezi utatembea kilomita 1,750 za kazi na 560 za safari, jumla 2,310. Betri itatoa kama kWh 393, ila hutalipia hizo. Utalipia zinazopita kwenye mita ya umeme, na kati ya mita na betri hupotea asilimia 10 hadi 15, kwa joto la chaja ya ndani na kwa kompyuta za gari zinazobaki macho wakati wote wa kuchaji. Andaa uniti kama 446, sawa na 19 kwa kila kilomita 100. Kama umeme wenu hulipiwa kwa ngazi, ambapo ukipita kiasi fulani bei ya uniti hupanda, usitumie bei unayolipa leo. Uniti 446 zinaweza kuisukuma nyumba nzima hadi ngazi ya juu, na gharama hiyo ya friji na pasi kupanda bei kwa sababu ya gari ni nadra sana kuhesabiwa na mnunuzi.

Nikupe kipimo cha kukusaidia popote. Gari lako la sasa linakula lita 7, hili litakula uniti 19. Gawanya 19 kwa 7, unapata 2.7. Chukua bei ya lita ya petroli, igawanye kwa 2.7. Uniti ikiuzwa chini ya jibu hilo, umeme umeshinda. Ikiuzwa juu yake, kila kilomita inakugharimu zaidi ya petroli. Umeme wa nyumbani kwa kawaida hushinda kwa mbali. Wa vituo vya haraka mara nyingi hukaribia mstari huo au huuvuka, na juu yake kuna ada ya kuanza kuchaji na faini ya kuliacha gari limechomekwa baada ya kujaa. Wewe utanunua kituoni takriban asilimia 15 tu ya umeme wako, kwa hiyo hutaumia. Lakini siku mwenye nyumba akikuzuia kuchaji, asilimia hiyo inakuwa 100, na sababu yote ya kununua gari hili inaondoka.

Kwa hiyo usilipe kabla hamjaandikiana. Karatasi moja inatosha: unaruhusiwa kufunga saketi ya kuchajia, uniti zitapimwa kwa mita ndogo ya pembeni, utalipa bei ipi, na ukihama waya na kifaa ni vya nani. Mita ndogo ikinge ugomvi na wapangaji wengine pia, maana bili ikipanda mwenye gari la umeme ndiye atakayenyooshewa kidole.

Kuhusu waya, tafadhali usijaribu njia ya mkato. Soketi ya ukutani imetengenezwa kwa birika la dakika tano. Kuipitisha ampea 10 au 13 kwa saa sita kila usiku ni kazi nyingine: skurubu iliyolegea kidogo hupata moto, plastiki inalainika, mguso unazidi kulegea, na mwisho soketi inayeyuka. Rola ya waya wa kurefushia iliyobaki imejikunja ni hatari zaidi kwa sababu joto halina pa kutokea.

Habari njema ni kwamba huhitaji chaja kubwa. Kilomita 70 ni kWh 11 kwenye betri, kama uniti 13 kwenye mita. Kwa ampea 10 ni saa zisizofika sita. Gari lirudi saa mbili usiku, saa nane limemaliza. Kuna wanaouziwa chaja ya kW 11 au 22 wakati chaja ya ndani ya Leaf hupokea kW 3.6 au 6.6 tu, kutegemea toleo. Inayobaki ni pesa iliyotundikwa ukutani. Mwambie fundi umeme akuvutie saketi ya peke yake kutoka kwenye boksi, ya ampea 16, waya wa milimita za mraba 4, wenye ethi iliyopimwa kwa kifaa, si kwa macho. Ukitaka nafasi ya kuongeza hadi ampea 32 baadaye, avute milimita 6 tangu sasa. Kwa ampea 32 na mita 30, waya wa 6 hupoteza kama volti 7, asilimia 3 hivi, na huo ndio ukomo mzuri. Ua ukiwa mrefu zaidi ya hapo aende kwenye 10. Kinga ya umeme unaovuja iwe RCD ya aina A ikiwa kifaa cha kuchajia kina ulinzi wake wa miliampea 6 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri), la sivyo iwe aina B. Sababu ni kwamba mvujo wa DC kutoka kwenye gari unaweza kuipumbaza RCD ya kawaida isikate umeme siku mtu anaposhikwa nao. Gharama ya kazi hii iweke ndani ya bei ya gari tangu mwanzo.

Nije kwenye betri, maana hapo fundi wako ana hoja nusu. Betri haifi yote kwa siku moja. Ndani ya hii kuna seli 192 zilizofungwa mbili mbili, makundi 96 katika mstari mmoja. Kundi moja likidhoofika, linaangusha yote 95 yaliyosalia, kwa sababu gari husimama pale kundi la chini kabisa linapofika kikomo. Mara nyingi basi tatizo hutibika kwa kubadilisha moduli (pakiti ndogo ya seli) moja au mbili, si betri nzima. Lakini kazi hiyo hufanywa kwenye volti zinazokaribia 400 za DC, kwa glavu za kuhimili volti 1,000 na baada ya kuchomoa plagi ya usalama na kusubiri kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme, ziishiwe umeme wake. Kwa hiyo mtafute fundi aliyefunzwa volti kubwa kabla hujanunua. Kama wa karibu yuko mbali, ongeza gharama ya lori la kubebea. Gari hili halivutwi kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwani mota yake huzungushwa na kuzalisha umeme usio na pa kwenda.

Usiamini baa peke yake. Kwenye Leaf za mwanzo kumbukumbu ya mfumo wa betri imewahi kufutwa kwa kifaa cha uchunguzi, baa zikarudi 12 kwa wiki kadhaa kisha zikashuka. Ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia, fanya majaribio mawili. Kwanza, chomeka kifaa cha OBD2, cha kusoma kompyuta ya gari, na usome kwa programu ya LeafSpy kwenye simu. Angalia afya ya betri, idadi ya chaji za haraka, na tofauti ya volti kati ya makundi. Gari likiwa limetulia, tofauti ya milivolti 20 au 30 si tatizo. Kisha endesha betri ikiwa chini ya asilimia 30, kanyaga kwa nguvu, mtu wa pembeni aangalie grafu: kundi moja likizama peke yake kwa zaidi ya milivolti 100 kuliko wenzake, ugonjwa umeshaonekana. Jaribio la pili halina ujanja wa programu. Chaji gari kutoka asilimia 20 hadi 100 kwa soketi yenye mita, uone zimepita uniti ngapi. Karibu na 29, ile asilimia 82 ni ya kweli. Zikiwa 24, betri ina kama 67, na bei lazima ishuke sana au uondoke.

Udhamini usiutegemee. Wa betri ya gari hili kwa kawaida ulikuwa miaka 8 au kilomita 160,000, kwa gari linaloshuka chini ya baa 9, na huambatana na soko ambalo gari liliuzwa likiwa jipya. Kama liliingizwa kutoka nchi nyingine, muulize wakala rasmi, kwa maandishi, kama anautambua.

Matengenezo yaliyobaki ni ya kawaida, ila yana mitego yake. Gari lina uzito wa karibu kilo 1,600, na mota hutoa nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, kwa hiyo tairi za mbele huisha haraka. Zihamishe mbele na nyuma kila kilomita 10,000, na usikubali tairi yenye alama ya uzito iliyo chini ya ile ya kiwandani kwa sababu tu imepungua bei. Breki nazo hushangaza watu, kwani pedi hudumu miaka mingi na bado unalipia breki. Mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, diski hazisuguliwi, zinashika kutu, na pini za kalipa hukauka zikaganda. Kila mwaka zifunguliwe, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki, na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Betri ikiwa imejaa mota haina pa kuurudisha umeme, hivyo breki za kawaida ndizo hufanya kazi. Siku hizo piga breki imara mara chache, barabara ikiwa tupu, zisuguliwe.

Kuna betri ndogo ya volti 12 pia, ambayo watu huisahau kabisa. Hiyo ndiyo inayoziamsha kompyuta na kufunga swichi za betri kubwa. Ikifa, unakaa na betri kubwa iliyojaa na gari lisilowaka. Ipime gari likiwa limepumzika usiku: volti 12.6 ni nzima, chini ya 12.2 ibadilishe.

Na hili mwambie kila fundi wa kiyoyozi atakayeligusa: kompresa ya gari hili huendeshwa kwa umeme wa volti kubwa, na oili yake ni ya aina ya POE. Oili ya PAG ya magari ya kawaida hupitisha umeme. Hata kiasi kidogo kilichobaki kwenye mashine ya kujazia gesi kinaweza kuharibu insulesheni ya kompresa, gari likagundua mvujo na kukataa kuwaka. Mtu huenda kuongeza gesi, akarudi na bili ya kompresa na kusafisha mfumo mzima.

Bima iulizie kabla ya kulipa, kwa gari hilo hilo na si kwa makadirio. Mengi hufutwa baada ya ajali za wastani kwa sababu hakuna wa kuthibitisha kwamba betri iliyogongwa chini ni salama. Uliza kama betri imo kwenye bima, maji ya mafuriko je, waya wa kuchajia ukiibiwa je, na kubebwa kwa lori chaji ikikuishia njiani. Misamaha ya kodi nayo usiipigie hesabu ya miaka kumi: New Zealand ilianza kuyatoza magari ya umeme ada ya barabara kwa kilomita mwezi Aprili 2024, na Uingereza ikaondoa msamaha wa kodi ya gari Aprili 2025.

Ningekuwa na kalamu juu ya mkataba wako, ningeongeza kifungu kimoja: malipo yafanyike baada ya chaji ya kutoka 20 hadi 100 iliyopimwa mbele yenu wote wawili, na bei ipungue zikipita chini ya uniti 28. Ukipata kifungu hicho na karatasi ya mwenye nyumba, lichukue kwa ajili ya kazini. Muuzaji akikataa jaribio, au mwenye nyumba akikataa kuandika, endelea na petroli yako na utafute gari lingine, ikiwezekana lenye betri inayopozwa kwa maji na tundu linalolingana na vituo vya njia ya kwenu.

Mshauri